Majani Yanaponyimana Mwanga: Kutibu Mimea ya Ndani katika Nyumba za Lamu

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kukwepa jua. Kuta ni nene, madirisha ya upande wa njia ni machache, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Mwanga wa maana unashukia kiwandani, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, unapita misana, vile vyumba virefu vinavyoufungukia uwanja huo, na ukifika chumba cha ndani chenye zidaka (vishubaka vya ukutani) umebaki wa kuonea njia tu. Sisi tunapumzika humo adhuhuri na kumshukuru aliyejenga. Mmea uliowekwa humo una maoni mengine.

Siku hizi karibu kila nyumba iliyofanyiwa ukarabati, ya mwenyeji au ya wageni, ina mimea: mti wa mpira karibu na tekani (ukumbi mdogo wa mlangoni), pothosi inayoning'inia kutoka msana wa yuu (wa juu), monstera pembeni mwa kiwanda, fikasi iliyosimama kama askari. Na katika kila nyumba kuna mmoja unaosononeka. Ukimuuliza mwenyewe, atalaumu maji, mbolea, au jicho la hasidi. Mara nyingi si moja kati ya hayo. Mmea umejiziba wenyewe: majani ya juu yamepanuka yakayafunika ya chini, na ya chini yanakufa moja moja.

Jani nene hupitisha sehemu ndogo sana ya mwanga unaolipiga, kiasi cha sehemu moja kwa kumi au pungufu. Nje hilo si tatizo, kwa sababu jua la mchana kweupe ni luksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, na hata kumi kwa mia yake inatosha kulisha jani la chini. Chukua sasa msana wenye luksi 1,000. Chini ya jani la kwanza zimebaki 100, na chini ya la pili karibu hakuna kitu. Jani lililo mahali hapo linatumia chakula kuliko linavyotengeneza, na mmea hauna huruma: unavuta humo kilichobaki chenye faida na kuliangusha.

Kwa hiyo dawa ni mkasi? Mara nyingi ndiyo, lakini si kila mara, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Kupogoa hakuongezi mwanga hata chembe. Kunaugawa ule ulioko. Mmea uliojificha pahali pa giza tupu, ukiukata majani, umeunyang'anya hata kidogo uliokuwa nacho. Ndiyo maana kazi inaanza kwa kupima.

Pima juu, pima chini

Huhitaji kifaa. Chukua karatasi nyeupe, nenda kwenye mmea saa sita mchana siku isiyo na mawingu. Iweke karatasi juu kabisa ya majani, kisha nyoosha kiganja chako sentimita 30 hivi juu yake. Kivuli kikiwa na ukingo mkali, vidole vinahesabika, hapo pana mwanga mwingi. Kikiwa cha ukungu lakini unatambua kuwa ni mkono, mwanga ni wa wastani, nao unatosha mimea mingi ya ndani. Usipoona kivuli, hapo ni giza, hata kama wewe unasoma gazeti bila taabu. Jicho la mtu hujirekebisha upesi, kwa hiyo usiliamini. Mwenye simu yenye programu ya kupimia luksi anaweza kuitumia. Hesabu yake si ya kuapia, lakini kwa kulinganisha pahali na pahali ndani ya nyumba moja inafaa.

Sasa rudia kipimo hichohicho chini, karibu na udongo, ndani ya majani.

Kivuli kikionekana juu na kupotea chini, majani yanazibana, na mkasi utasaidia. Kisipoonekana juu wala chini, tatizo ni pahali chungu kilipo: usikate, hamisha. Kikionekana kote kuwili na mmea bado unaumwa, basi mwanga hauhusiki, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya maji na wadudu huko chini. Nimeona watu wakiruka kipimo hiki kwa haraka ya kushika mkasi. Ni dakika mbili tu.

Jua la Lamu halikai pahali pamoja

Kabla ya dalili, jambo moja ambalo vitabu vya mimea vilivyoandikwa Ulaya havitakuambia. Huko wanasema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatuvuka. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linapita utosini, na kwa siku kadhaa linashuka wima hadi sakafu ya kiwanda. Kuanzia Aprili hadi Agosti linapita upande wa kibla, ambao kwetu ni kaskazini karibu sawasawa. Kuanzia Oktoba hadi Februari linapita upande wa kusini.

Katika kiwanda hilo linabadilisha kila kitu. Mwezi Juni, ukuta wa mita 6 ulio upande wa kibla unatupa kivuli cha karibu mita 3 adhuhuri, kwa hiyo chungu kilichoegemea ukuta huo hakioni jua, ilhali kile kilicho upande wa pili, kinachotazama kibla, kinaweza kulipata. Desemba mambo yanageuka. Mtu ananunua monstera mwezi wa kwanza, anaiweka inapopendeza, inachanua majani makubwa, halafu ikifika Juni inaanza kuanguka majani, naye anadhani imepata ugonjwa. Haikupata ugonjwa. Jua limehama na chungu hakikuhama.

Basi dalili yoyote ikianza ghafla karibu na Aprili au Oktoba, jiulize kwanza kama kivuli kimehama. Kusogeza chungu kutoka ukuta huu kwenda ule kunaweza kumaliza shauri bila kukata jani hata moja.

Majani ya chini yanageuka manjano na kuanguka, ya juu mazuri

Hii ndiyo kesi ya kila siku, na ina sababu nne zinazofanana kwa mbali.

Ikiwa majani yanayokufa ni yale ya ndani, yaliyo karibu na shina, na yale ya pembeni yaliyo chini vilevile lakini yanayoona mwanga ni mazima, hiyo ni kuzibana. Ikiwa majani makuukuu yote yanapauka sawasawa pande zote, yaliyo kwenye mwanga na yaliyo kivulini, mmea una njaa ya naitrojeni. Udongo wa chungu umechoka. Yakiwa laini, yameregea, na udongo umelowa siku nyingi na unanuka, mizizi inaoza kwa maji. Na ikiwa ni jani moja tu la chini kabisa mara moja moja, hilo ni jani lililomaliza umri wake. Liache liende.

Kwa kuzibana, usianze juu. Anza ndani. Ondoa majani yaliyokwisha kuwa manjano, kisha matawi makavu, kisha matawi membamba yaliyoelekea katikati badala ya nje. Hayo hayatapata mwanga kamwe na yanazuia hewa. Sasa rudi nyuma hatua chache uutazame mmea kutoka pale mwanga unapotoka, yaani simama katikati ya kiwanda au kwenye ukingo wa msana, si pale unapokaa wewe. Ukiwa hapo utaliona jani linaloziba. Karibu kila mara ni moja au mawili makubwa, mapya, yanayong'aa, yale yale mwenye nyumba anayojivunia.

Bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani alinishika mkono nilipoelekeza mkasi kwenye jani kama hilo. "Mwanangu, hilo ndilo zuri!" Nikamwambia, "Bibi, ndilo linaloyaua mengine." Hatukulikata. Tulilifunga kwa uzi wa katani likaelekea pembeni kidogo, pakafunguka upenyo wa mwanga katikati. Kwa monstera njia hiyo ni bora kuliko mkasi, kwa sababu vikonyo vyake ni virefu na vinapindika taratibu. Funga kwa ulegevu, sogeza kidogo leo na kidogo wiki ijayo. Ukivuta kwa nguvu kikonyo kitavunjika penye kifundo.

Ikibidi kukata, usizidi theluthi moja ya majani yote kwa mara moja, na ndani ya nyumba zenye mwanga haba mimi sifiki hata robo. Kisha subiri wiki kadhaa uone vijicho vipya, yaani macho ya kuchipulia, kabla ya kurudia. Mmea unaoishi kwa mwanga mdogo hujijenga polepole. Mtu anayekata kila Ijumaa anaumaliza.

Shina refu, majani mbali mbali, mmea umelala upande mmoja

Ukiona umbali kati ya jani na jani umeongezeka mara mbili kuliko mwanzo, na ncha zote zimeelekea kiwandani, mmea unautafuta mwanga. Upande wa shina usiopata mwanga hurefuka kuliko ule unaoupata, ndipo shina linapopinda. Na mwanga uliochujwa na majani ya juu unamwambia jani la chini kwamba lina jirani kichwani, basi shina linakimbilia juu badala ya kunenepa.

Urefu uliokwisha kupatikana haurudi. Ukikipeleka chungu kwenye mwanga bora leo, majani mapya yatakuja yamekaribiana, lakini lile shina tupu la katikati litabaki tupu. Hapo ndipo mkasi una faida ya pili. Ncha ya juu ya shina hutuma kemia inayovizuia vijicho vya chini visiamke. Ukiikata ncha, kizuizi kinaondoka, na kijicho kimoja au viwili vilivyo chini ya mkato vinatoa matawi. Kata sentimita moja hivi juu ya kifundo, pale jani linapotokea. Ukikata katikati ya shina tupu, kipande kilichobaki juu ya kifundo kitakauka na kuwa kijiti kibaya.

Pothosi ndiyo rahisi kuliko zote. Ile mikia ya mita nne inayoning'inia kutoka msana wa yuu ikiwa na majani manne ya ncha tu, ikate yote hadi shibiri moja kutoka kwenye udongo. Inatisha kuangalia, lakini itarudi. Vipande ulivyokata vigawe, kila kimoja kiwe na kifundo kimoja au viwili, vitie kwenye gilasi ya maji pahali penye mwanga. Vikitoa mizizi virudishe katika chungu kilekile, katikati. Kichwa kilichokuwa na upara kitajaa. Mtu akikwambia pothosi yake haipendezi tena anunue nyingine, mwambie kwamba mpya iko hapo inaning'inia.

Drasina nayo hukubali kukatwa karibu popote kwenye shina, na huchipua chini kidogo ya mkato. Mti wa mpira unakubali pia, ila utamwaga utomvu mweupe unaonata, unaoweza kuwasha ngozi na usiotoka kirahisi kwenye mkeka. Tandika gazeti kwanza, na uwe na kitambaa chenye maji cha kubana kidonda.

Na sasa onyo. Mtende wa mapambo usiukate ncha kamwe. Kila shina la mtende lina sehemu moja tu ya kuchipua, na ukiikata shina hilo limekufa. Mitende inayotoa mashina mengi kwa pamoja unaweza kuipunguza kwa kutoa shina zima, lile kuukuu, tangu kwenye udongo, mwanga ukaingia katikati ya mengine. Vivyo hivyo sansiveria: jani likikatwa ncha halikui tena, linabaki na kidonda. Kama yamesongamana, toa majani mazima kutoka chini au ugawe kichaka kiwe vyungu viwili.

Baada ya kukata, zungusha chungu robo duara kila juma. Asiyezungusha atakata tena mwaka ujao pahali palepale.

Majani mapya madogo, au monstera isiyotoboka

Monstera changa haina matundu hata kwenye mwanga mzuri, inayapata ikikomaa. Lakini monstera iliyokuwa ikitoa majani yenye mipasuko kisha ikaanza kutoa madogo, mazima, imepungukiwa na mwanga. Hapa kukata hakusaidii peke yake. Isogeze karibu na ukingo wa msana, hata mita moja tu. Mwanga wa kutoka upande mmoja hupungua upesi mno kadiri unavyoingia ndani, na hiyo mita moja ina thamani kuliko chupa ya mbolea.

Jambo lingine dogo linalosaidia: ukuta. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, na mmea wako ukiupa mgongo ukuta huo, majani ya nyuma yanapata ambacho yasingepata. Ukuta mchafu wenye ukungu mweusi, au uliopakwa rangi ya kahawia kwa ajili ya picha za wageni, unaumeza mwanga.

Majani ya rangi mbili yanageuka kijani kitupu

Pothosi yenye michirizi ya dhahabu, krotoni nyekundu na kadhalika zikipungukiwa na mwanga huongeza kijani, kwa kuwa kijani ndicho kinachotengeneza chakula. Tawi likiwa limegeuka kijani lote, likate mpaka kwenye jani la mwisho lililokuwa na rangi, kwa maana tawi la kijani lina nguvu zaidi na litayafunika yenye rangi. Halafu ongeza mwanga. Krotoni kwa kweli si mmea wa msana. Itie kiwandani kwenyewe au uipeleke darini, vinginevyo utaishi ukiilaumu.

Madoa meupe au ya kahawia makavu siku chache baada ya kupogoa

Hili ni jua. Jani lililokulia kivulini ni jembamba na halina ngao. Ukiondoa mwavuli wa juu ghafla, likapigwa na jua la adhuhuri, linaungua: doa linaanza kupauka kama karatasi, kisha linakauka, na liko juu ya jani upande unaotazama mbingu tu. Halienei siku zinazofuata. Doa la ukungu hutanuka na mara nyingi lina duara la manjano pembeni.

Hatari ni kubwa Machi na mwisho wa Septemba, jua linaposhuka wima kiwandani. Nyumba ambayo mwaka mzima haina jua la moja kwa moja inaweza kupata saa nzima au zaidi ya jua kali siku hizo. Ukitaka kupogoa kwa nguvu wakati huo, tandaza kitambaa chepesi cheupe juu ya mmea kuanzia saa tano hadi saa nane kwa wiki mbili za kwanza. Leso kuukuu inafaa.

Kwa maoni yangu, wakati bora wa kupogoa mimea ya ndani hapa ni mwezi wa kumi hivi, mawingu ya kusi yamepungua, jua limekwisha kupita utosini na mmea una miezi ya mwanga mbele yake. Wakati mbaya kabisa ni Mei, mvua za masika zinapoweza kufunika anga siku nyingi mfululizo. Mmea uliokatwa wakati huo unakaa kitako usichipue, huku udongo haukauki na mizizi inaoza. Mei ondoa majani yaliyokufa tu.

Fikasi imemwaga majani yote

Fikasi ndogo ya majani membamba ina tabia ya kususa. Ukiihamisha, inamwaga. Ukiikata sana, inamwaga. Feni mpya ikiipiga, inamwaga. Kwangua kidogo gamba la tawi kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani na pabichi, iko hai. Iache palepale ilipo, punguza maji kwa kuwa haina majani ya kuyatumia, na usiikate tena mpaka itoe majani mapya. Watu wengi huipoteza kwa kuihamisha mara ya pili wakiitafutia pahali pazuri.

Asmini ina majani tele, haina maua

Najua asmini si mmea wa ndani, lakini ni nani Lamu asiyetaka harufu yake iingie chumbani jioni? Asmini ya vikuba hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Ikiachwa ijisokote kwenye nguzo ya msana, inakuwa kichaka cha matawi makuukuu kisicho na kitu. Ikate kila baada ya msimu wa maua, hadi nusu ya urefu ukitaka. Mmea huu nao, kama pothosi, kanuni yangu ya robo haiuhusu, mradi uko juani. Asmini isipopata saa nne au tano za jua la moja kwa moja, mkasi hautaitoa ua. Ipeleke kidari cha meko (jiko la darini) au dari ya juu kabisa, uishushe jioni maua yakikaribia kufunguka. Mrehani nao ukatwe ncha mapema, kabla ya kutoa maua, upate kutanuka. Ukiuacha utoe maua, majani yanadogoka na shina linakuwa mti.

Dalili zinazosingiziwa mwanga

Ncha na kingo za majani zikikauka rangi ya kahawia, mmea ukiwa kwenye mwanga mzuri, shuku maji. Maji matamu ya mji yanategemea hazina iliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Ukimwagia ya kisima, chumvi inabaki udongoni na kujikusanya. Utaiona kama unga mweupe kwenye ukingo wa chungu cha udongo. Kinga maji ya mvua, na mara moja moja mwagia chungu maji matamu mengi mpaka yatiririke chini, uioshe chumvi. Kukata ncha zilizokauka ni mapambo tu.

Nyumba za usoni, zinazotazama mkondo wa Manda, hupata pia chumvi ya upepo juu ya majani, na kila nyumba ina vumbi la chokaa. Vumbi huzuia mwanga kama jani linavyozuia. Futa majani kwa kitambaa chenye maji, ukiyashika chini kwa kiganja yasipasuke. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza mwanga, na ndiyo isiyofanywa. Tafadhali usiyapake mafuta ya nazi ili yang'ae. Yanaziba matundu ya jani na kukusanya vumbi zaidi.

Pamba nyeupe kwenye vifundo ni vidung'ata. Utando mwembamba na vidoa vingi kama vya sindano wakati wa kaskazi kavu ni utitiri. Wote hupenda majani yaliyosongamana yasiyopita hewa, kwa hiyo kupunguza majani ya ndani kunasaidia, lakini vilevile osha kwa maji yenye sabuni kidogo, chini ya majani hasa, na utenge mmea huo. Mkasi uliopita kwenye mmea mgonjwa ufute kwa spiriti kabla ya kuugusa mwingine.

Udongo ukiwa umefukuliwa na shina limeinama ghafla usiku mmoja, huyo ni paka. Panga mawe makubwa juu ya udongo.

Mmea umekatwa vizuri na bado hauchipui

Angalia mambo mawili. La kwanza ni maji: majani yakipungua theluthi, kiu nayo inapungua, lakini mkono wa mwagiliaji unaendelea na kipimo kilekile. Tia kidole udongoni hadi kifundo cha pili; pakiwa pabichi, acha. La pili ni mbolea. Samadi ya punda tunayo bure kila kichochoro, na watu huimimina ikiwa mbichi ili kuharakisha majani. Mbichi inaunguza mizizi. Ikiwa imeoza vizuri nayo imezidi, inaleta majani makubwa laini yanayozibana upya, yaani unarudi ulipoanza. Ingoje iwe nyeusi isiyonuka, na uitie kidogo baada ya kuona vijicho vimefunguka.

Ikiwa kipimo cha kivuli kilionyesha giza juu na chini, na huna pa kuuhamishia, ama unatia taa ya LED nyeupe sentimita 30 hadi 40 juu ya majani kwa saa kumi na mbili kwa siku, ama unakuwa na mimea miwili ya namna moja inayobadilishana zamu: mmoja chumba cha ndani wiki mbili, mwingine ukingoni mwa kiwanda. Sansiveria na zamu zinaelewana vizuri. Fikasi usiijaribu.

Masazo ya pothosi, monstera na difenbakia usiyatupe njiani wala kumpa mbuzi. Utomvu wake unachoma mdomo na koo, wa mnyama na wa mtoto pia. Yafunge kwenye mfuko, na unawe mikono kabla ya kushika macho.